Suruali Zilizopungua Pamoja na Fundi

Tangu Fundi aanze kuugua, suruali zake zilikuwa zikipungua pamoja naye. Mwenyewe hakujua. Walijua watu wawili tu, mkewe na binti yake, na wote wawili walikuwa wamekubaliana kutolitamka jambo hilo hata mbele ya paka.

Mambo yalianza na mkanda. Asubuhi moja Fundi alisimama katikati ya chumba akiuvuta mkanda wake, akafika tundu la mwisho, na bado suruali ikamteleza hadi nyongani. Akakitazama kiuno chake kama mtu anayerudi nyumbani akakuta mlango umevunjwa. Alivua, akarudi kitandani, akageukia ukuta. Chakula alichopelekewa kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Hata jirani yake kinyozi alipopita kumjulia hali, alijibiwa kwa mgongo. Ndipo jioni mkewe akamsikia akisema taratibu, kana kwamba anauambia ukuta, "Baba yangu alianza hivihivi. Siku nguo zilipoanza kumpwaya, sisi tulijua. Na yeye alijua."

Mama mtu hakulia. Kesho yake aliichukua ile suruali kwa kisingizio cha kuifua, akaipeleka mbele, chumba cha barabarani ambacho ndicho kilichokuwa duka lao la ushonaji, akaitupa juu ya cherehani ya binti yake.

"Ibane," alisema.

"Kiasi gani, mama?"

"Kiasi cha kumrudishia baba yako roho."

Binti huyo aliitwa Kifungo. Jina alipewa na babaye tangu utotoni, kwa vile alizaliwa mdogo, mviringo, na alikuwa habanduki kwenye shati la baba. Sasa alikuwa mwanamke mzima, fundi kamili, na jina ndilo lililokuwa halijabanduka. Kubana suruali kwake ilikuwa kazi ya kusubiri chai ichemke. Ila hii haikuwa suruali ya mteja. Hii ingevaliwa na mtu ambaye, kwa kupitisha kidole gumba tu juu ya mshono, aliweza kukuambia ulipita kwa cherehani ya mguu au ya mkono, na kama aliyeushona alikuwa na hasira siku hiyo.

Kwa hiyo Kifungo aliifanya kama mwizi mwenye adabu. Alifumua kiuno kwa wembe, upande wa nyuma. Hakutumia uzi mpya, maana uzi mpya ungeng'aa ukamsema. Alichomoa uzi uliopauka kutoka ndani ya pindo la suruali hiyohiyo. Alipoweza, alipitisha sindano kwenye vitundu vilevile vya zamani. Kitambaa kilichozidi alikikunja ndani, hakukikata. Kisha akaipiga pasi mpaka nguo ikasahau kwamba iliwahi kufunguliwa.

Fundi akavaa. Akafunga mkanda. Ukashika.

Alisimama, mikono kiunoni. Halafu akaagiza chai, akaagiza na cha kutafunia, na kabla ya mchana alikuwa keshafika dukani akimgombeza mteja mwenye kitambi anayetaka shati la kubana. "Mimi nashona nguo," alimwambia, "sishoni miujiza." Mama alikuwa jikoni akijifuta macho kwa ncha ya kanga, akicheka peke yake.

Sasa baada ya siku kama hiyo, mtu anaachaje?

Hawakuacha. Kila nguo ilipoanza kupwaya, mama aliifua na binti aliibana. Walifanya alasiri, Fundi anapojinyoosha baada ya chakula. Walipomaliza suruali waliingia kwenye mashati. Mabega yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kwenye kola, kwa kuwa shingo ndiyo msaliti mkubwa wa mwili. Mtu anaweza kuficha kifua, shingo haifichiki. Kifungo alizitengeneza kola upya moja moja, na kila moja ilipomkaa baba yake vizuri alijisikia fahari, fahari ya kweli ya kazi, maana hakukuwa na fundi mwingine mjini ambaye angemvisha mzee yule nguo ya uongo asigundue.

Fundi mwenyewe alikuwa ameacha kushona. "Macho," alisema, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akapima wateja kwa kuwatazama, akatoa amri. Siku moja yule kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, alisimama barabarani akamkodolea macho Fundi alipoinama kuokota chaki.

"Fundi! Mbona mifuko yako ya nyuma inasalimiana?"

Kifungo aliikanyaga cherehani vibaya, sindano ikakatika. Ilikuwa kweli. Ukibana suruali sana kiunoni, mifuko ya nyuma husogeleana, na hiyo ya baba ilikuwa imebakiza kidogo tu ishikane mikono.

"Ni mtindo," Fundi alijibu bila kugeuka. "Wewe utajua nini, kazi yako ni kuondoa. Mimi naongeza."

Wakacheka wote wawili. Kifungo hakucheka. Alijitia kutafuta sindano sakafuni.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na habari kwamba umefichwa. Chakula kilianza kumkwama Fundi kifuani. Alikuwa akimeza tonge, anasimamisha kidevu, anangoja. Baadaye ikawa uji tu, na uji nao kwa vituo. Mwishowe alikubali shingo upande kwenda zahanati, kwa masharti kwamba aende na Kifungo, kwa kuwa Kifungo alisoma, na madaktari wakitaka kumsengenya mgonjwa husema Kiingereza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mrefu, mwembamba, mwenye mikono ya haraka. Alimvua Fundi shati, akambonyeza tumbo, akahesabu mbavu kwa macho. Halafu akamgeukia mwenzake aliyekuwa akijifunza kazi, akasema sentensi ndefu ya Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na neno ambalo Kifungo alilijua kwa kulisoma, hakuwahi kulisikia likisemwa juu ya mtu aliyekaa mbele yake: *emaciated*.

Fundi alikuwa akifunga vifungo vya shati, polepole mno, akivitazama kimoja kimoja. "Kasema nini?"

"Kasema umepungua kidogo, baba."

"Kidogo." Akatikisa kichwa, karibu atabasamu. "Umeona? Hata yeye kaona ni kidogo."

Alipotangulia kutoka, daktari alimshika Kifungo mkono akamrudisha ndani. Alimwambia kwamba kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, kwamba ni lazima afike hospitali kubwa apigwe kipimo cha mpira wenye kamera, na kwamba huenda akapasuliwa. "Lakini aende sasa. Mwili ukipita hapa ulipo haukubali kisu. Mkingoja kidogo tu, hata hospitali kubwa watawaambia mrudi naye nyumbani."

Kifungo aliitikia kila kitu. Mlangoni akasimama. "Daktari, lile neno ulilomwambia mwenzako. *Emaciated*. Nalijua, lakini nataka kujua mnalitumia vipi."

Daktari alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo ambalo si la mahali pale, kisha akaketi kwenye ncha ya meza. "Si neno la wembamba," alisema. "Mimi ni mwembamba, mama yangu mwembamba, hakuna wa kutuita hivyo. Msichana anayejinyima ili gauni limkae, naye humwiti hivyo, labda apitilize mpaka. Hili ni neno la mtu aliyekuwa na mwili wake, ukachukuliwa. Uchukuliwe na njaa au na maradhi. Utalikuta kwenye habari za mateka waliotoka kifungoni, za ng'ombe wa ukame. Ukilisema tu, umekwisha kusema kwamba kuna kitu kinamla."

"Kwa Kiswahili tungesema amekonda?"

"Watu hukonda hata kwa kupenda."

"Amedhoofika?"

"Mtu akilala na homa siku mbili amedhoofika." Daktari aliinuka, wagonjwa walikuwa wakigonga. "Lugha ni yako. Mtafutie baba yako neno, lakini lisiwe dogo."

Lisiwe dogo. Naye alikuwa ameshalitoa dogo kuliko yote.

Walipofika nyumbani Fundi aliiweka karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa chini ya redio, na hapo ikakaa. Kila alipokumbushwa, jibu lake lilikuwa moja. "Wao wana mashine, mimi nina suruali. Nimevalisha mji huu maisha yangu yote. Najua mwili ukiondoka unavyoondoka. Unaanza kiunoni. Mimi kiuno changu kiko palepale. Koo limefanya ukaidi, litapita. Nani kati yenu amewahi kumwona mtu wa kufa nguo zinamkaa?"

Mama alimtazama binti yake, binti akamtazama mama. Kila mmoja akayaondoa macho upesi.

Ndipo ikabidi aitwe kaka mtu, mwana wa kiume wa nyumba ile, fundi umeme aliyeishi upande wa pili wa mji na ambaye kwa sauti yake angeweza kuwasha taa bila waya. Yeye hakujua lolote kuhusu nguo. Alikuja, akaketi kando ya babaye, akaanza kumbembeleza, akaishia kufoka.

"Baba, umekwisha! Huoni mashavu?"

"Mashavu ni ya uzee. Tia kidole hapa." Fundi alivuta kiuno cha suruali. "Tia! Kinaingia?"

Kaka alitia kidole. Hakikuingia. Alibaki na kidole chake hewani kama mtu aliyepigwa shoti, akamtazama babaye mashavuni, akamtazama kiunoni, akainuka akaenda moja kwa moja dukani.

"Kifungo. Kuna nini humu ndani?"

Kifungo alimwambia. Mama alikuwa ameketi juu ya mabunda ya vitambaa, hakumzuia. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulizoea, kisha akapasuka.

"Mmemvika mzee kilemba cha ukoka!"

"Ni suruali," Kifungo alisema, na papo hapo akajichukia kwa kusema hivyo.

"Unanifanyia mzaha? Mtu anakataa hospitali kwa sababu ya kazi ya mikono yako, wewe unanifanyia mzaha? Daktari kasema nini? Neno kwa neno."

"Kasema *emaciated*."

"Imeisha eti?" mama aliuliza, amesimama ghafla. "Nini kimeisha? Nani kasema imeisha?"

"Hapana, mama. Ni Kiingereza."

"Basi nacho kichunge mdomo." Akaketi tena, mkono kifuani.

Kaka aliteremsha sauti kidogo. "Naenda kumwambia sasa hivi. Namvua hiyo suruali namwonyesha."

"Nenda," mama alisema. "Nenda ukamvue baba yako nguo. Ila niambie kwanza, siku ile alipougeukia ukuta ulikuwa wapi? Mimi ndiye niliyelala nyuma ya ule mgongo. Sikuwa najua kama asubuhi utageuka."

Kaka alizunguka duka zima, akaizima taa, akaiwasha, kama kawaida yake akikosa la kufanya. Akaondoka bila kuaga. Barabarani walimsikia akimjibu kinyozi vibaya.

Siku chache zikapita, na ile suruali ya kwanza, ya kijivu, ikaanza kupwaya tena.

Mama aliileta mbichi bado kutoka kwenye kamba. Kifungo aliigeuza nje ndani, akakaa nayo mapajani. Kule ndani, pale alipokuwa akikunja kitambaa kilichozidi, pamejaa. Mkunjo juu ya mkunjo, nene kama kamba ya kufungia mizigo. Kumbe ndiyo maana baba alikuwa akijisogezasogeza kitini, akilaumu kiti. Hapakuwa na nafasi ya mkunjo mwingine. Iliyobaki ni kukata.

Alichukua mkasi. Akautia kitambaa katikati ya makali yake, na mkono ukagoma.

Fundi yeyote anajua tofauti ya kubana na kukata. Nguo iliyobanwa hufumuliwa. Mtu akinenepa, inamngoja. Iliyokatwa haimngoji mtu. Muda wote huu Kifungo alikuwa akijiambia kwamba anamtunzia baba mwili wake mle ndani ya mishono, umekunjwa vizuri, siku atakayopona aufumue amrudishie. Na sasa huu mkasi. Akakumbuka yule daktari kwenye ncha ya meza. Mtu aliyekuwa na mwili wake, ukachukuliwa. Kitu kile kilikuwa kikimchukua baba kwa ndani, na yeye huku nje alikuwa nyuma yake, akifagia njia, akifuta alama za miguu, ili mwenye mali asijue kuwa anaibiwa. Angekata leo, kesho angekata tena. Na nguo ingemkaa vizuri mpaka siku ya kuzikwa.

Aliweka mkasi mezani, akainuka na suruali ilivyo, nje ndani, akaenda chumbani.

Fundi alikuwa ameketi kitandani amejifunga shuka. "Hiyo imekauka?"

"Baba, kule zahanati nilikudanganya."

Fundi hakushtuka. Alimwangalia tu. "Nilisikia neno refu, wewe ukanipa jibu fupi. Nikasema labda Kizungu kinapenda mbwembwe." Akajirekebisha shuka. "Litaje."

"*Emaciated*."

Alilijaribu mdomoni bila sauti. "Maana yake mwembamba?"

"Hapana. Mwembamba ni yule mteja wetu muuza magazeti, kazaliwa hivyo na atazeeka hivyo. Huwezi kumwita hili."

"Kukonda."

"Kukonda ni kudogo."

"Ng'onda, basi. Nimekuwa ng'onda, samaki mkavu." Alikuwa akimhoji kama anavyomhoji mteja asiyejua anataka nguo gani, bila haraka, kipande kwa kipande.

"Ng'onda watu husema kwa utani, baba. Neno hili halina utani."

"Gofu?" Fundi aliuliza. "Gofu la mtu?"

Kifungo alitikisa kichwa. "Gofu ni nyumba iliyohamwa," alisema. "Wewe bado umo."

"Basi ni nini, we mtoto? Nipe Kiswahili."

"Sina neno moja. Ni mtu aliyekuwa na mwili wake, kitu kikaingia kikawa kinamla. Kimekula kiasi cha kuonekana. Na bado kinakula. Ndivyo alivyosema daktari juu yako. Akasema kikiendelea kidogo tu, hakutakuwa na wa kupasuliwa."

"Uongo." Alisema bila kelele. "Nguo zangu zinanikaa."

Kifungo alimpa suruali. "Pitisha kidole."

Fundi aliipokea, akaitandaza magotini. Kidole gumba, kile kidole kilichowatia hofu mafundi wa mji mzima, kikaanza safari ya kiuno. Kikafika kwenye ule mkunjo mnene kama kamba. Kikapita juu yake. Hakikusita. Kikarudi, kikapita tena, na Kifungo akamtazama babaye usoni, akaona sura ya mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi ya taa katika nyumba si yake.

"Mshono uko wapi?" Fundi aliuliza.

"Hapo, baba. Hapo hapo kidole kilipo."

Nje kinyozi alikuwa akimwimbia mteja wake.

"Vidole havisikii," Fundi alisema mwishowe. Aliinua mikono yote miwili, akaiangalia kwa pande zote. "Vina ganzi. Tangu kabla ya mkanda. Nikasema macho, maana fundi asiyeona hununua miwani. Asiyesikia kitambaa anaitwaje? Na hilo nitafutie neno, wewe msomi."

Kifungo hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni aibu ya ghafla, na chini ya aibu kulikuwa na maumivu madogo ya kipumbavu ambayo asingemwambia mtu: kumbe hakuwa hodari. Kola zile zote, uzi ule uliochomolewa pindoni, vitundu vya zamani. Angeshona kwa uzi mwekundu wala baba asingejua.

"Nani kazibana?"

"Mimi."

"Mama yako anajua?"

"Ndiye aliyeniambia."

Hapo hasira ikaja, na ilikuja na nguvu ambayo Kifungo hakudhani kuwa bado imo katika kifua kile. "Mmenifanya mwanasesere! Mnanivisha, mnanivua, mnanicheka jikoni! Mimi! Naketi pale mlangoni najigamba kwa watu na nguo ya kubandika!"

"Ulikuwa huli, baba."

"Kwa hiyo nilikuwa nakula uongo!"

"Ulikula lakini."

"Kelele!"

Mama alikuwa amefika mlangoni. Fundi alimgeukia. "Na wewe. Unanifulia. Kila siku unanifulia, nami nasema mke wangu msafi."

"Nifanyeje, mume wangu?" Hakuwa na sauti ya mtu anayeomba radhi. "Uliona mkanda, ukanipa mgongo. Kuugua unaugua, sikukuzuia. Lakini ulitaka kuondoka bila hata kuniaga. Ulikuwa unaniacha na ukuta. Ningekubania hata ngozi yangu mwenyewe kama ingekutosha."

Fundi akaishika suruali kwa mikono yake isiyosikia akamsukumia binti yake.

"Fumua."

"Hii?"

"Hii na zote. Sitaenda kwa madaktari na nguo ya uongo. Nataka nione kimekula kiasi gani."

Wakaketi kitandani watatu. Mama alivuta kitambaa upande wake, Fundi upande wake, na Kifungo akapitisha wembe katikati. Nyuzi zilikatika kwa mlio mdogo mkavu. Fundi hakuweza kuuhisi mshono, lakini aliweza kuusikia ukiachia, na kila ulipoachia alikunja uso. Walipomaliza alisimama, akaivaa. Suruali ikamzunguka kama hema. Alipoiachia ilianguka yote mpaka kwenye vifundo vya miguu, akabaki amesimama katika miguu yake miwili mirefu, mikavu, magoti yakiwa makubwa kuliko mapaja.

Alijitazama. Mama alishika mkono wa binti yake, wote wawili wakiwa na roho mkononi, wakiungoja ule mgongo.

"Lo," Fundi alisema. "Kimemla huyu."

Akainama mwenyewe akaipandisha.

Kesho yake kaka alikuja na gari la kuazima, akaegesha mlangoni, akamfungulia babaye mlango bila kufoka hata mara moja. Fundi aliondoka na suruali ile ya kijivu, ameikamata kiunoni kwa ngumi. Mama alimletea kipande cha kamba. Alikikataa, akasema kamba ni ya mbuzi. Njia nzima alizungumza na mwanawe wa kiume juu ya nyaya na ubovu wa barabara. Na mkewe alizungumza kabla gari halijaondoka, akamwagiza asiache mlango wa duka wazi. Lakini na Kifungo, aliyeketi nyuma, hakuzungumza. Tangu jana, tangu suruali ilipokwisha kufumuliwa, hakuwa amemwambia kitu.

Ukumbi wa hospitali kubwa ulikuwa na mabenchi marefu ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu. Waliketi, Kifungo upande mmoja, ngumi ya baba na kiuno cha suruali katikati yao. Wagonjwa waliitwa mmoja mmoja. Wengine waliingia wakitembea, wengine kwa kusukumwa. Kifungo alikuwa na mengi ya kusema, na yote aliyaona makubwa mno au madogo mno kwa benchi lile.

Muuguzi alitoa kichwa mlangoni akamwita Fundi. Kaka akasimama kumsaidia. Fundi akamwondoa mkono. Aliinuka kwa kituo, akaivuta suruali, akaikamata upya. Hapo ndipo alipomgeukia binti yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ule mshono wa kiunoni," alisema. "Ulikuwa umenyooka?"

"Ulinyooka, baba."

"Usiniambie kwa kunifurahisha."

"Wa kwanza ulinyooka. Huu wa mwisho ulipinda, upande wa kushoto."

"Nilijua," Fundi alisema, akaingia ndani.